Kamba ya Kupimia Marijani

Alhamisi, 20 Machi. Mwezi kumi na tisa Ramadhani.

Nimeitwa na Bi Khairat nyumbani kwake Malindi. Saa nne asubuhi, kwa hivyo si kwa futari. Nimemwamkia, ameitikia marahaba bila ya kuinua macho kwenye tasbihi yake. Nikajua mambo si mazuri.

Amesema jengo lake la Marijani lina ghorofa kumi na moja na wapangaji wawili, fundi cherahani na daktari wa meno. Jengo la Lulu, lililo mbele yetu ng'ambo ya barabara pale Mtoni, lina ghorofa kumi na moja vilevile na limejaa, zimebaki tatu za juu tu. Yalianza kujengwa mwaka mmoja, kwa mchanga wa shimo moja. Anataka kujua tofauti ni nini. Nikamwambia ni bahati. Akasema yeye anaona tofauti ni msimamizi.

Msimamizi wa Marijani ni mimi, Ubwa. Msimamizi wa Lulu ni Hamoud, shemeji yangu, kaka wa mke wangu Nunu. Tulisoma darasa moja. Hamoud alifeli jografia. Mimi nimeisomesha jografia miaka kumi na tisa kabla ya kuingia kwenye kazi ya majengo. Niandike hilo hapa, maana hakuna mahali pengine linapokumbukwa.

Hukumu yenyewe ni hii. Kuna kampuni ya bima inayotafuta ghorofa tatu za juu. Mkubwa wao, Bi Nasima, atachagua baina ya Lulu na Marijani. Idi ikipita na hakuja kwetu, Hamoud atakabidhiwa majengo yote mawili, na mimi nitakuwa chini yake.

Chini ya Hamoud. Nimeyaandika maneno hayo nione yakoje kwenye karatasi. Yamezidi ubaya.

Nimerudi kazini na fikra moja. Mtu akichagua jengo la ghorofa, anachagua urefu. Basi nani mrefu? Nimechukua kamba ya Nunu ya kuanikia nguo, nikapanda nayo juu ya paa, Ame mlinzi akaishika ncha chini. Marijani ni mita arubaini na robo tatu. Lulu nimelipima kwa kivuli, saa tisa mchana, kwa rula yangu ya skuli. Mita thelathini na tisa na nusu. Tumewazidi kwa mita moja na zaidi!

Nilitaka kupima mara ya pili saa kumi ili niwe na hakika, lakini saa hizo kivuli cha Lulu kinavuka barabara na kutupanda ukutani mpaka ghorofa ya tatu. Kila siku ya Mungu. Hata kivuli chao kinatuonea.

Nunu amenipigia simu mara mbili akiuliza kamba yake. Nimefuturu tende mbili na Ame getini.

Jumamosi, 22 Machi. Mwezi ishirini na moja.

Bango limetundikwa. MARIJANI, JENGO REFU KULIKO YOTE MTONI. Herufi nyekundu, zinaonekana tokea kituo cha mafuta.

Hamoud alivuka barabara kulisoma. Nilimngoja aone haya. Aliuliza kwa upole tumewazidi kwa kiasi gani. Nikamwambia mita moja na robo. Akashukuru, akaulizia afya yangu, akaondoka. Baada ya sala ya alasiri likaja lori mbele ya Lulu limebeba vyuma virefu, likavishusha. Ame anasema vinapelekwa juu ya paa. Nimemwambia aache umbea.

Lazima nijue ndani ya Lulu mna nini. Nimevaa kanzu, kilemba na miwani ya jua ya marehemu baba, nikaingia kama mfanyabiashara aliyetoka Maskati anayetafuta ofisi. Nilikuwa nimeshatayarisha na sauti. Mlinzi wa mlangoni akasimama kwa heshima, akasema, "Shikamoo mwalimu, umekuja kumtazama bwana Hamoud?" Nilimsomesha kidato cha pili. Mtoro mkubwa, leo macho yake makali.

Nimeona niliyoyaona lakini. Marumaru zinang'aa. Vyooni maji yanatoka, ghorofa zote. Lifti mbili, na zote zinakwenda. Mlangoni wanafukiza udi, mtu anaingia kama anaingia kwenye harusi. Nilisimama pale nikavuta pumzi, nikakumbuka nimefunga, nikatoka. Sisi lifti yetu ni moja na ina siku zake. Mlango wetu unanuka chokaa na njiwa. Nilisikitika sana barabarani. Ukumbi wetu una madirisha mazuri kuliko yao, hilo hakuna anayelisema.

Udi tunao lakini. Nunu ana kopo zima la harusi ya mdogo wake.

Jumatatu, 24 Machi. Mwezi ishirini na tatu.

Siku ya aibu. Naandika kwa kukisia, miwani yangu imevunjika.

Bi Nasima alikuja saa saba. Mwanamke mtaratibu, hasemi jambo mpaka alipime. Nilimtembeza chini, akatazama madirisha, akasema ni mazuri. Moyo wangu ukafunguka. Kisha nikamkaribisha kwenye lifti, ambamo nilikuwa nimeshaweka chetezo kikubwa kilichojaa udi ili apande na harufu mpaka juu.

Lifti ilisimama baina ya ghorofa ya saba na ya nane.

Tulikaa mle dakika arubaini, mimi, Bi Nasima na chetezo. Mkaa ulikuwa mwema, haukuzimika. Nilijaribu kuufunika kwa kanzu nikaacha. Nikajaribu kuupepea moshi utoke kwenye ufa wa mlango, ukazidi kuwaka. Bi Nasima alijifunga mtandio puani, akaniuliza kwa sauti ya chini kama najua hukumu ya mtu aliyefunga akavuta moshi wa udi. Nikamwambia nadhani wanavyuoni wamekhitilafiana. Akauliza kama wamekhitilafiana pia kuhusu mtu aliyeuwasha. Nikakaa chini kwa unyonge, nikaikalia miwani.

Ame alitutoa kwa nondo. Bi Nasima alitoka macho mekundu, akaomba maji ya kunawa uso, na bombani hamkuwa na maji.

Pale ndipo nilipopata fikra yangu bora kuliko zote. Yaani kwa dhiki tu. Nilimwambia Marijani halihukumiwi kwa lifti, linahukumiwa kwa paa. Nikasema siku ya mwezi ishirini na tisa tutauangalia mwezi wa Idi juu ya Marijani, mahali parefu kuliko pote Mtoni, na Sheikh Talib mwenyewe atakuwepo. Sheikh Talib ndiye anayeutafuta mwezi kila mwaka pale pwani, watu wa mtaa wanamsikiliza yeye kwanza. Sikuwa nimemwambia chochote.

Bi Nasima akasema alipokuwa mdogo marehemu baba yake alikuwa akimpandisha mabegani kuutafuta mwezi, na tokea afe hajapanda mahali kuutafuta. Akasema atakuja. Atakata shauri usiku huo huo.

Fundi wa miwani anasema mpaka baada ya sikukuu. Nunu amesema muhogo wa nazi aliniwekea tokea jana, umechacha. Nimefika nyumbani watu wameshatoka tarawehe.

Jumatano, 26 Machi. Mwezi ishirini na tano.

Nimemwendea Sheikh Talib baada ya adhuhuri. Alikataa. Akasema miaka thelathini mwezi anautafuta pwani, miguu mchangani, na pwani haijamkosea. Nikamweleza kwamba kwa elimu ya jografia mtu aliye juu anauona upeo wa macho ulio mbali zaidi kuliko aliye chini. Nilimchorea kwenye bahasha. Dunia, jengo, mstari. Mchoro mzuri, nilipokuwa nikiuchora skuli hata wanafunzi wa nyuma walikuwa wakiamka. Akautazama sana. Akauliza kama juu pana upepo. Nikasema mwingi. Akasema basi kwa ajili yangu atajaribu mwaka huu.

Hamoud hana sheikh. Hamoud ana vyuma tu.

Nunu ameniomba jambo moja, nifuturu nyumbani siku moja kabla ya mwezi kwisha. Amesema anapika, anatandika mkeka, halafu anakula peke yake akisikiliza redio. Nimemwambia avumilie mpaka Idi, tukishinda nitafuturu nyumbani maisha yangu yote. Akasema baada ya Idi hakuna futari. Wakati mwingine Nunu anakuwa mzito kufahamu.

Ijumaa, 28 Machi. Mwezi ishirini na saba.

Vile vyuma vimesimama. Juu ya paa la Lulu pana jukwaa kama la kupakia chokaa, na juu yake limepandishwa bango kubwa kuliko nyumba yangu, limefunikwa turubali. Ame anasema ni mita kumi. Basi sasa Lulu limetuzidi, na sababu ni mdomo wangu, mita moja na robo.

Nilikasirika mpaka adhuhuri. Baadaye nikacheka. Mwache Hamoud ajenge mabango! Watu hawapandi juu ya bango. Mimi nina paa, mikeka sita, birika mbili za chai, na Khawla wa mtaa wa pili atanipikia kaimati. Lifti sitaitumia, watu watapanda ngazi. Nimezipiga deki mwenyewe, ghorofa kumi na moja, na swaumu juu. Magoti yanalia.

Jioni Nunu akaniletea salamu za kaka yake. Hamoud ameuliza watu nitawaweka upande gani wa paa. Amesema ikiwa nataka, niwalete wote Lulu, paa lao lina nafasi upande wa bahari mbele ya bango, na lifti zipo.

Nimemwona mbali. Anamtaka Sheikh, anamtaka Bi Nasima, na anataka nimpelekee mwenyewe mkononi. Nimemwambia Nunu amjibu kwamba Marijani halihitaji sadaka. Nunu akasema, "Mie nnakwambia tu, Hamoud hakusema kwa ubaya. Kasema alitazama toka kwenu, hapaonekani kitu." Nikamwambia Hamoud alipata sifuri kwenye ramani. Nunu akakunja mkeka. Amesema sikukuu atakwenda kuila kwa kaka yake, nikitaka nimfuate huko.

Sitamfuata.

Jumapili, 30 Machi. Mwezi ishirini na tisa.

Naandika yote, hata kama hakuna atakayesoma.

Watu walikuja. Zaidi ya arubaini. Sheikh Talib alipanda ngazi akipumzika kila ghorofa, mkono mmoja begani kwangu. Bi Nasima alikuja amevaa buibui jipya, na hakuitazama lifti. Fundi cherahani alikuja na wanawe. Upepo mzuri, mikeka imetandikwa, kaimati bado za moto. Nilisimama katikati ya paa nikaona hii ndiyo siku yangu. Hata nilimuonea huruma Hamoud kidogo.

Adhana ikalia. Tukafungua kwa tende na maji. Sheikh akanyanyuka, akajipangusa mdomo, akaniuliza, "Haya mwalimu, magharibi wapi hapa?"

Nikanyoosha mkono.

Mkono wangu ulinyooka ukaenda moja kwa moja kwenye bango la Lulu.

Sijui niandike nini hapa. Miaka kumi na tisa. Jua linatoka mashariki, linazama magharibi, na mwezi mchanga unaonekana pale jua lilipozama. Niliwapiga watoto fimbo kwa hilo. Kila alasiri kwa miaka mitatu kivuli cha Lulu kimekuja mpaka kwenye dirisha langu kuniambia jua liko nyuma yake, nami nilikuwa nakitukana.

Watu wakaanza kunong'ona. Wengine wakajibana pembeni mwa paa kutafuta upenyo, kushoto tangi la maji la Lulu, kulia mnara wa simu. Bi Nasima alisimama kwa ncha za vidole. Nikasema subirini, wingu litapita. Hapakuwa na wingu.

Halafu nikauona. Bila ya miwani, lakini niliuona, mwembamba, mweupe, umepinda vizuri, juu kidogo ya ukingo wa Lulu. Nikapiga kelele kwamba mwezi umeandama! Ame akapiga takbiri, akatoa simu, akampigia nduguye aliye kijijini Kiwengwa. Watu wakakumbatiana. Nilimwona Bi Nasima ameshika kifua, machozi yanamlengalenga.

Sheikh Talib peke yake hakukumbatia mtu. Alitazama kwa muda, mkono juu ya macho. Kisha akaniinamia asinifedheheshe mbele za watu, lakini upepo ukayachukua maneno.

"Mwalimu, mwezi huo una waya."

Kule Lulu walikuwa wanalivua bango turubali. Ulianza upembe wa mwezi wa taa, ukafuata nyota, yakafuata maandishi. LULU INAKUTAKIENI IDI NJEMA. Likatuwakia usoni sote arubaini, mpaka kaimati zikaonekana za kijani.

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

Dakika chache baadaye tukasikia takbiri ya kweli, ng'ambo, nyuma ya bango. Wapangaji wa Lulu walikuwa wameuona, upande wa bahari, wazi kabisa. Sheikh akateremka kwenda kushuhudia. Bi Nasima akamfuata. Alipita mbele yangu akasema ahsante kwa kunialika, na alisema kwa dhati, ndiyo maana iliniuma. Wengine nao wakateremka. Nilisikia miguu yao kwenye ngazi nilizozipiga deki, ghorofa baada ya ghorofa, mpaka kimya.

Kiwengwa, Ame ananiambia, walishangilia mwezi wa balbu kwa dakika nane nzima kabla ya kuanza kuushangilia wa kweli. Alikula kaimati kumi na tisa akinitazama kwa huruma. Mimi nilishuka mbio mpaka barabarani nikauone hata kidogo. Ulikuwa umeshazama.

Mwaka huu mwezi sikuuona.

Jumatatu, 31 Machi. Idi.

Nimesali Idi safu ya mwisho. Nyumba tupu, Nunu yuko kwa kaka yake. Ameniachia kanzu iliyopigwa pasi na mkate wa ufuta kwenye kawa.

Nimekwenda kumpa Bi Khairat mkono wa Idi. Alinikaribisha haluwa na kahawa, akaniacha nile kwanza. Halafu akasema Bi Nasima amechukua Lulu. Akasema kwa upole mno, na mimi nilijiandaa kwa ukali, sikuwa na pa kuuweka upole ule. Marijani anamkabidhi Hamoud kuanzia kesho. Mimi nitakaa kwenye chumba cha lifti cha Lulu, nihakikishe zinakwenda. Hamoud mwenyewe ndiye aliyeniombea.

Nilirudi kwa miguu tokea Malindi mpaka Mtoni. Watoto wamevaa nguo mpya, wananipa mkono, sina cha kuwapa ila peremende za daktari wa meno.

Hamoud alikuja magharibi na sahani ya pilau, na Nunu nyuma yake. Hakutaja bango, hakutaja mwezi. Alisema bango halikukusudiwa kuziba, alilipandisha tu kwa sababu nilimwambia mita moja na robo, na alitaka utani. Angenicheka ningejua la kufanya. Alikaa, tukala, akaniuliza mgongo unaniumaje.

Nililia kidogo chooni. Bomba nikalifungulia ili wasisikie. Maji ya nyumbani kwangu yanatoka, alhamdulillahi.

Jumatatu, 7 Aprili.

Nina miwani. Dunia imerudi na kingo zake.

Kazi ya lifti si mbaya. Nina kiti, feni, na dirisha. Natoka saa kumi. Wiki nzima nimekula chakula cha jioni na Nunu, mkeka mmoja, redio imezimwa. Jana alicheka mpaka akashika tumbo nilipomsimulia Bi Nasima na chetezo. Sikumbuki mara ya mwisho kumchekesha. Kamba yake nimeirudisha uani, akaanika shuka zote za sikukuu.

Leo asubuhi nimepata habari. Hamoud ameweka msimamizi mdogo pale Marijani. Ni Ame. Ame mlinzi, mla kaimati. Ameshalitengeneza bomba, amewafukuza njiwa, na ghorofa ya pili imechukuliwa na watu wa safari za Hija, wanaotaka na ya tatu. Amepita chini ya dirisha langu na funguo zinalia kiunoni, akaniuliza hali, akasema, "Marijani refu bwana, wewe si ulipima?"

Hakusema kwa ubaya. Lakini alisema.

Sasa nimekaa kwenye dirisha hili na nimeona jambo. Asubuhi saa nne kivuli cha Marijani kinavuka barabara kuja upande wetu wa Lulu. Kinapimika vizuri kabisa, bila ya kupanda ukuta. Na siku ile ya mwanzo kamba ilikuwa imeroa mvua, kamba iliyoroa haipimi sawasawa, mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili anajua. Nina shaka kubwa kwamba Marijani halifiki mita arubaini. Nina shaka kwamba Lulu, hata bila ya bango, ndilo refu tokea mwanzo. Watu wa Hija wana haki ya kujua kabla hawajatia saini ya ghorofa ya tatu.

Nimemwendea mwandika mabango. Herufi nyekundu bado anazo.

Nimepita nyumbani adhuhuri, Nunu yuko sokoni. Shuka nimeziweka juu ya mawe, hazijakauka. Kamba ninayo. Nimemwachia karatasi mlangoni kwamba leo asiningoje kwa chakula.